Laptop Ndogo Niliyoenda Nayo Merti

Siku niliyoketi na babu yangu kule Merti, laptop mpya mapajani, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Isiolo mjini, na babu, Mzee Guyo, alikuwa ameanza kusahau. Majina ya wajukuu yalimtoka, lakini visima alivyochimba na wenzake na njia walizopita na ng'ombe wakati wa ukame bado vilikuwa kichwani mwake. Nikataka kuandika kila kitu kabla hakijapotea.

Nilikuwa nimechagua laptop ndogo kuliko zote dukani. Iliingia kwenye mkoba wangu wa mkononi, nikajua hata juu ya lori, katikati ya magunia, haitanisumbua. Na kweli haikunisumbua; nilijisifu njia nzima. Mchagua jembe si mkulima, husema watu, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kulima kwa jembe lenye mpini mfupi wa shibiri moja.

Sasa, mzee wa Kiborana akisimulia, anayesikiliza humwitikia kila kipande. Ukinyamaza, ni kama umemwambia basi. Babu akaanza. Vitufe vilikuwa vidogo, kidole kimoja kikibonyeza viwili, na maandishi kama siafu. Nikainama, nikafuta, nikaandika tena. Sikumwitikia. Akangoja. Akaendelea kidogo, akangoja tena, kisha akaacha kabla hajafika hata kisima cha pili.

"Babu, mbona umenyamaza?" nikauliza.

"Kwani naongea na nani?" akasema kwa upole. "Hiyo kitu yako imefika Merti. Wewe bado."

Utaniuliza kwa nini sikumrekodi kwa simu. Alikataa, hakupenda sauti yake ibaki mahali ambapo yeye hayupo. Nikamwahidi kurudi likizo na laptop ya kufaa. Likizo ilipofika, tulikuwa tumeshamzika. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayetafuta laptop ya kusafiri nayo kikazi, sikucheki ukitaka nyepesi. Ile kubwa nayo ungeiacha nyumbani Bulla Pesa ikilinda meza, na hiyo haimfai msafiri. Lakini usiipime kwa kiganja tu. Iweke mapajani, kwa sababu huko uendako huenda kusiwe na meza. Andika maneno kadhaa huku ukimwangalia muuzaji machoni na kumjibu anachouliza. Ukilazimika kuinama kutafuta herufi, irudishe, hata iwe nyepesi namna gani, uchukue inayoizidi ukubwa kidogo. Bega huzoea mzigo, mwanangu, lakini mzee akishanyamaza humrudishi.

Nenda kwa heri. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, na akuwekee wazee wako mpaka umalize kuwaitikia.