Sanduku la Takataka Kutoka Nchelenge

Nilitumwa ng'ambo kutafuta takataka. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda Nchelenge kuoga ziwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa karani mdogo katika kiwanda cha biskuti hapa kwetu Elisabethville. Biskuti zetu zilifungwa kwa karatasi ya nta, zikatiwa ndani ya boksi, boksi likatiwa ndani ya mkebe wa bati, mkebe ukazungushiwa karatasi nyingine yenye picha ya mwanamke mwenye mwavuli, kisha vyote vikafungwa kamba. Mtu mwenye njaa alilazimika kufanya kazi ya nusu saa kabla ya kutia kitu mdomoni.

Mkubwa wa kiwanda, ambaye sote tulimwita Direkta, alikuwa ameingiwa na wazo la kupunguza. Lakini hakuwa mtu wa kupunguza kitu kabla hajakichunguza. Alitaka kwanza kujua wanunuzi wanatupa nini. Wakitupa kamba, tutaondoa kamba. Wakitupa mkebe, tutaondoa mkebe.

"Watu wa Ziwa Mweru wananunua sana biskuti zetu," aliniambia. "Nenda Nchelenge, ng'ambo ya mpaka, ukachimbue majalala yao. Niletee sanduku zima la takataka zenye alama ya kiwanda."

Karani mkuu alikuwa ameacha kazi mwezi ule, na kiti chake kilikuwa kitupu, kando ya dirisha, chini ya feni. Direkta alikinyoshea kidole. Sanduku likirudi limejaa, kiti ni changu. Likirudi tupu, narudi depo kubeba magunia. Depo nilikuwa nimetoka mwaka uliotangulia, na mgongo wangu ulikuwa bado unaikumbuka.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, kubwa kuliko kabati la mke wangu, nalo liliandikwa TAKATAKA kwa rangi nyekundu pande zote nne. Nilipewa pia glavu za kufika viwikoni, aproni ya mpira, koleo refu la chuma, na vifuko vilivyoandikwa "karatasi", "bati", "kamba" na "mengineyo". Mke wangu aliponiona nimevaa vyote hivyo mlangoni aliniuliza kama nimepandishwa cheo au nimefukuzwa. Nikamwambia itategemea.

Njia ya Kasenga. Tuliondoka alfajiri kwa lori linaloshusha barafu kwa wafanyabiashara wa samaki na kurudi na samaki wenyewe. Mbele walikwisha kukaa watu, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma, juu ya barafu iliyofunikwa magunia na unga wa mbao. Saa ya kwanza nilijiona mjanja, maana wenzangu kule mbele walikuwa wakitoka jasho. Saa ya pili sikuweza tena kuhisi makalio yangu. Kufikia Kasenga barafu ilikuwa imeyeyuka kiasi, unga wa mbao umenigandia kuanzia kiunoni kwenda chini, na watoto wa gatini walinifuata wakiniuliza kama mimi ni chapati.

Mtoni Luapula. Hapo tulipanda mashua ya injini, tukashuka na mto kuelekea ziwani. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mwenye mkebe wetu, yule yule mwenye mwanamke wa mwavuli, ameuweka mapajani. Takataka ya kwanza!

"Tata," nikamwambia kwa heshima, "hii mukebe utaitupa siku gani?"

Aliukumbatia kwa mikono miwili, akasogea hadi upande wa pili wa mashua. Safari nzima hakunigeuzia mgongo.

Nchelenge. Tulifika kesho yake mchana, upepo ukipiga na ziwa limechafuka. Mwenyeji wangu alikuwa mama mkwe wa fundi wetu wa mashine, mjane mnene mwenye sauti ya kuitia mashua, ambaye wote walimwita BanaChola, yaani mama yake Chola. Aliuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa, hadi Kasenga, na huko ndiko alikopata Kiswahili chake.

"Mwaiseni, mwana wangu, mwaiseni! Karibu!" alisema. Kisha akasoma sanduku. Alilizunguka na kulisoma pande zote nne, labda upande mmoja utasema jambo tofauti. "Unatuletea takataka?"

"Hapana, mayo," nikasema, yaani mama. "Nimekuja kuchukua."

"Ya nani?"

"Yenu."

Alinitazama kwa huruma kubwa, akaniletea maji ya kunawa, ubwali, yaani ugali wa mihogo, samaki mzima, na bakuli la karanga za kukaanga. Nadhani alifikiri nimepigwa na jua.

Kesho yake nilivaa glavu na aproni, nikashika koleo, nikaenda jalalani nyuma ya nyumba. Niliyoyakuta ni haya: majivu, maganda ya mihogo, miba ya samaki, na kuku waliokwisha kupita hapo mbele yangu wakachambua vizuri kuliko nitakavyochambua mimi. Nikaenda jalala la jirani. Majivu, maganda, miba. La tatu vile vile, ila huko koleo langu lilishika mkia wa bata aliyelala, na bata yule hakuwa takataka, jambo ambalo alilieleza kwa kelele hadi wenyewe wakatoka.

Na si kwamba mikebe haikuwako. Ilikuwako kila mahali! Mmoja ulikuwa taa. Mwingine ulikuwa umelaliwa na kuku mwenye mayai. Mwingine ulipima chisense sokoni, mwingine ulichotea maji kwenye mtumbwi, mwingine ulizibia tundu la paa, mwanamke wa mwavuli akitazama juu mvua inakotoka. Karatasi ya nta ilifunika dawa za watoto. Boksi lilikuwa dirisha. Kamba zilikuwa zimeingia kwenye nyavu na hazikutofautika tena na kamba nyingine. Hata sadaka kanisani zilikusanywa ndani ya mkebe wetu, kwa hiyo huyo mwanamke alikuwa akihudhuria ibada kuliko mimi.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza kama kuna mkebe usio na kazi. Walinijibu kwa upole, kama mtu anayeulizwa kama kuna mtoto asiyehitajika. Jioni nilisikia jirani wa BanaChola, mvuvi aliyeitwa Tata Mwelwa, akizungumza naye uani kwa Kiswahili cha sokoni.

"Mutu gani anatafutaka takataka ya batu bengine?" alisema. "Ni mulozi tu. Kesho atachukua nywele yetu."

"Awe, hapana, Tata Mwelwa! Huyu hana akili ya bulozi. Hata bata ilimushinda."

Nilishukuru kutetewa, ingawa ningependa sababu nyingine.

Usiku ule sikula. BanaChola aliniuliza kinachonisumbua, na mimi, mtu mzima mwenye mke na kofia nzuri, nikaanza kulia. Nilimweleza yote: kiti, feni, depo, magunia, mgongo. Nilimwambia nisipojaza sanduku lile nimekwisha.

"Ni hiyo tu?" alisema. "Kula. Tutalijaza."

Jumapili. Baada ya ibada BanaChola alisimama wakati wa matangazo akasema maneno marefu kwa Kibemba, akininyoshea mkono. Wanawake wote waligeuka wakanitazama, wakatikisa vichwa. Mmoja alipangusa machozi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuombewa takataka.

Mchana wake walikuja. Walikuja kwa mstari, wakiimba, kila mwanamke na mkebe kichwani, na Tata Mwelwa akafuata nyuma na wake, akiushika mbali na mwili, labda ulozi wangu ungemrukia. Niliruka kwa furaha. Kisha mikebe ikashushwa mbele yangu, nami nikaona inang'aa kama vioo. Walikuwa wameisugua kwa mchanga na majivu tangu ibada ilipokwisha. Hakuna kutu, hakuna masizi. Mwanamke wa mwavuli hakuwako tena. Alama ya kiwanda haikuwako. Ilikuwa bati tupu, safi, inayoniumiza macho.

"Mayo," nikasema, "mbona mumesafisha?"

"Mugeni anapewaka kintu kichafu?" BanaChola alishangaa. "Ufike kule useme batu ya Nchelenge beko bachafu?"

Nikainua mkebe wa kwanza. Ulikuwa mzito. Nikaufungua: chisense wakavu, wamepangwa, wamefunikwa kwa jani la mgomba. Wa pili ulikuwa unga wa mihogo. Wa tatu karanga. Yote ilikuwa imejaa.

"Lakini mimi nilitaka mitupu!"

BanaChola alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata wavuvi waliokuwa ziwani waliisikia. "Mukebe haiendake bule kwa mutu, mwana wangu. Weye mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha, kweli. Hata kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ila sikuwahi kufikiri kwamba sheria hiyo inahusu pia takataka. Nilipiga makofi ya shukrani, wakapiga vigelegele, na sanduku likajaa hadi kifuniko kikagoma kufunga.

Gatini, siku ya kuondoka. BanaChola alinisindikiza. Mashua ilipoanza kusogea aliita, "Mwana wangu! Mikebe utaturudishia lini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri sana.

Kasenga tena. Mtu wa duane, yaani wa forodha, alitazama maandishi mekundu, akaniamuru nifungue. Aliona bati jipya linang'aa na chakula ndani yake.

"Bon. Weye uko mucuruzi, mutu ya biashara," alisema.

"Hapana, bwana. Hii ni takataka."

Alichukua dagaa mmoja, akatafuna taratibu, akafikiri. "Basi kama hiyo ni takataka, kwenu munakulaka nini?" aliuliza. Akaniandikia kibali cha kupitisha takataka, kwa sababu alisema hakuna ushuru wa wendawazimu.

Njia ya kurudi. Lori lilisimama porini ili injini ipoe, na hapo nilijaribiwa. Ndani ya saraka yangu kazini kulikuwa na picha mpya za mwanamke wa mwavuli. Ningemwaga samaki wote kichakani, nikaigongagonga mikebe kwa jiwe, nikaibandika picha hizo, nikaipaka matope, na kabla ya wiki kwisha ningekuwa chini ya feni. Niliokota jiwe. Nilifungua mkebe wa juu, wa BanaChola, niumwage wa kwanza. Juu ya samaki alikuwa ameweka kifurushi cha jani, na ndani yake karanga za kukaanga, kama zile nilizozimaliza peke yangu siku ya kwanza nikadhani hakuna aliyeniona.

Nilizila zote, nimesimama pale pale. Kisha nikalitupa jiwe. Hiyo ndiyo takataka pekee niliyoitupa safari nzima.

Elisabethville. Sanduku lilifunguliwa ofisini, chini ya feni. Hapo nilijifunza kazi halisi ya feni, maana harufu ya chisense iliingia vyumba vyote kwa wakati mmoja.

"Hizi si takataka," alisema Direkta, leso puani.

"Si takataka, bwana."

"Takataka ziko wapi?"

"Hakuna, bwana. Hawatupi kitu. Mikebe hii yenyewe ni ya kuazima."

"Nilikutuma ulete takataka," alisema, "nawe umeleta samaki wa watu ndani ya vyombo vya watu."

Nilirudi depo mchana ule ule. Kiti kilipewa mtu mwingine, mtu asiyenuka samaki. Sitaficha: niliumia sana, na gunia la kwanza nilidhani limejazwa mawe. Direkta naye aliona kwamba uchunguzi umeshindwa, na kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa kupunguza chochote, aliongeza kamba ya pili.

Lakini mikebe ilikuwa inadaiwa. Mke wangu, baada ya kula samaki na kuwasifu, alinikumbusha kila asubuhi. Sasa, depo kulikuwa na biskuti zilizovunjika, zile zisizoweza kufungwa, ambazo sisi wabebaji tuliruhusiwa kuchukua. Jumamosi moja niliijaza mikebe yote kwa biskuti hizo, bila nta, bila boksi, bila kamba, biskuti na bati basi. Nikaipanga ndani ya sanduku, nikamkabidhi dereva wa barafu.

Baada ya muda sanduku likarudi. Ndani: mikebe, inang'aa, chisense, na karanga zangu zimefungwa peke yake. Dereva alileta na salamu. "BanaChola anasema, takataka yenu iko tamu. Tena anauliza kama mugongo umepona."

Tukajaza tena. Wakajaza tena. Wabebaji wote wa depo wakaingia, kila mmoja na mkebe wake na mama yake huko ng'ambo asiyewahi kumwona. Direkta alipita mara kwa mara karibu na lile sanduku, njiani kwenda kwenye mikutano yake ya kupunguza, akiwaza.

Ukiniuliza nilijifunza nini Nchelenge, nitakuonyesha sanduku. Mbao zimechakaa, lakini maandishi mekundu bado yanasomeka pande zote nne. Limepita mikononi mwa madereva, mabaharia, watu wa duane na wezi wa gatini wa nchi mbili. Halijawahi kuibiwa kitu, na tangu safari ile ya kwanza halijawahi kufika tupu.