Asubuhi Ghati Alipokaa Chini

Ghati hakuwa mtu wa kukaa. Hapo Mwitongo, Butiama, ukipita nyumbani kwake asubuhi, mchana au jioni, ulimkuta ameinama: ama anafagia, ama anang'oa jani lililothubutu kuota uani, ama anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Uji alikunywa amesimama. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo, vidole vyake vilianza kufuta vumbi kwenye benchi. Ukimwambia, "Mama, pumzika," alikutazama kana kwamba umemtukana.

Na hiyo sakafu yake! Kila Ijumaa alichota kinyesi kibichi cha ng'ombe wake wawili, akakichanganya na udongo na maji, akaisiriba sakafu kwa kiganja chake mwenyewe, kuanzia chumbani hadi mlangoni, mpaka ikawa laini, haina ufa, haina vumbi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Alichagua Ijumaa kwa sababu Jumamosi binti yake Hilda alikuja na basi kutoka Bunda, alikokuwa akifanya kazi mgahawani, kumwona mwanawe Debora. Debora alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa ameachishwa ziwa na kubaki kwa bibi.

Shida ni kwamba Debora hakuwa anaongezeka. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulitoka kwenye kijani, ukaingia kwenye kijivu, na sasa ulikuwa unachungulia nyekundu. Kuharisha kulikuja, kukaondoka, kukarudi. Ghati alimpa uji wa ulezi, mayai, maziwa, dagaa wa kusaga. Mtoto alikula vizuri tu, na bado mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Jumamosi iliyopita Hilda aliitazama ile kadi kwa muda mrefu, halafu akasema bila kupandisha sauti, "Mama, Jumamosi ijayo namchukua."

Tangu hapo Ghati hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuwa akifagia mara mbili kwa siku. Sasa akafagia mara nne.

Jumatatu akaja Revocatus, mhudumu wa afya wa kitongoji, kijana mpole anayetembea na daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea kidogo hapo, nafagia."

Revocatus akasogea. Akawatazama kuku kumi na mmoja wakitoka jikoni, walikolazwa kwa kuogopa vicheche. Akamtazama mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya baraza, na Debora akitambaa katikati yao. Alipoanza tu kutaja wanyama na vijidudu, Ghati alimkata kauli.

"Uchafu? Kwangu? Hii nyumba nafagiaga mpaka fagio zinaisha! Nenda kaulize kitongoji kizima!"

"Sijasema wewe mchafu, mama. Nakuomba kitu kimoja tu. Kesho kaa hapo mlangoni, saa moja mpaka saa sita. Usifanye kazi yoyote. Mtazame mtoto, na kila anachopeleka mdomoni, hesabu."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

Ghati aliona ni dharau. Lakini maneno ya Hilda yalikuwa bado yanamuuma, na Jumanne saa moja akavuta kigoda, akakaa.

Ilikuwa adhabu. Dakika tano hazijaisha, mguu ulishaanza kutikisika. Aliona jani karibu na ghala, akajizuia. Aliona fagio limeegemezwa vibaya, akajizuia. Debora akatambaa juu ya ile sakafu maridadi, akainua kiganja, na Ghati akaona kimeshika unga mwembamba wa rangi ya kahawia. Alijua vizuri unga ule umetoka wapi: kwenye kinyesi alichosiriba Ijumaa. Mtoto akakilamba. Moja.

Kuku mmoja akaja, akaacha mavi yake kizingitini, mahali palipofagiwa nusu saa tu iliyopita. Kabla bibi hajapiga kelele, Debora alishayagusa, akayachunguza, akayaonja. Mbili. Ikafuata kamba ya mbuzi. Kisha kikombe cha maji ambacho jogoo alikuwa ametumbukizia mdomo. Kisha kiganja tena. Saa nne ilipofika, vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimekwisha.

Ndipo Debora akalia njaa. Ghati akainuka. Njiani, bila hata kufikiri, akayaokota mavi ya kuku kwa jani, akatupa, akajifuta mkono kwenye khanga. Akambeba mtoto, akampangusa mdomo kwa khanga hiyohiyo. Akachovya kidole kwenye uji aone kama umepoa, kisha kidole hichohicho akakitia mdomoni mwa mtoto.

Akasimama pale na kidole chake hewani. Sita. Na hili halikuwa la kuku wala la mbuzi.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Alilia, tena kwa hasira. Miezi yote hiyo alikuwa akihangaika kuanzia jogoo la kwanza, na muda wote akimlisha mjukuu wake kinyesi kwa mkono wake mwenyewe. Aliona aibu hata kumwita jirani.

Ila machozi yake nayo hayakukaa. Mchana huohuo alikuwa anakata miti. Kufikia Alhamisi kuku walikuwa na banda lao nyuma ya nyumba, limeinuliwa kwa nguzo, na mlango wa kufunga ambao kicheche angeushindwa. Mbuzi alihamishiwa huko. Kinyesi kilienda shimoni, mbali, na kandambili za bandani ziliishia bandani. Mlangoni kikaning'inia kidumu cha maji na kipande cha sabuni, na Debora akatandikiwa mkeka ndani ya uzio wa fito.

Ijumaa ndiyo ilimtesa. Alisiriba kwa udongo mtupu, na ulipokauka ukapasuka nyufa. Jirani yake Anastazia akachungulia. "Ghati! Umezeeka siku hizi, au umechoka?"

Jumamosi Hilda alifika. Akanawa alipoambiwa anawe, akamnyanyua mtoto.

"Bado mwepesi, mama."

"Bado. Ni siku nne tu." Kisha akamweleza yote, mpaka lile la sita, bila kujificha.

Hilda akaingia ndani, akapanga nguo za Debora kwenye begi. "Kuna dada tumepanga naye nyumba moja. Atanisaidia kumwangalia."

"Kuna mifugo hapo?"

"Bata wa mwenye nyumba. Na kuku wanapitapitaga."

"Na anachotia mdomoni, nani atakuwa anakiona?"

"Mama, kule kila mtu yuko mbio. Nani anapataga muda wa kukaa tu anamtazama mtoto?"

Ghati akavuta kigoda, akakaa kando ya uzio, mikono juu ya magoti.

"Mimi," alisema.

Hilda hakuwahi maishani mwake kumwona mama yake amekaa mchana. Alisimama mlangoni na begi mkononi. Kisha akaliweka chini, akafungua zipu, akaanza kuzitoa zile nguo moja moja.