Agosti Ambayo Baba Alikaa Nje

Baba alikuwa anatungoja kwenye kituo cha basi Mombasa, na alikuwa akitabasamu. Alimwona mama akishuka na mdogo wangu mgongoni, akainua mkono. Akaniona mimi na kikapu cha kuku. Kisha nyuma yangu ukatokea mguu wa susu, ule uliovimba zaidi, ukitafuta ngazi ya basi, na baba akageuka. Aligeuka mzima mzima kama mtu aliyeitwa na mwingine, akapita katikati ya wauza machungwa, na sikuona tena kitu chake isipokuwa mgongo wa shati.

Susu ni nyanya, mama yake mama. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Wakiwa njia moja, mmoja huingia kichakani ili mwingine apite. Hawali pamoja, hawakai nyumba moja, na mmoja hatamki jina la mwingine. Tunaiita nthoni. Ukisema ni aibu ya wakwe utakuwa karibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa, ni heshima. Kanisani tulifundishwa kuacha mambo ya zamani, na tuliacha pombe na ngoma na waganga. Nthoni haikuguswa. Hata wazee wa kanisa walikuwa wakiingia kichakani.

Mama aliyajua hayo yote. Lakini Krismasi iliyopita baba alikuwa ametuambia kwamba sasa ana vyumba viwili kule Changamwe, na shule zikifungwa mwezi wa nane tuende tukae naye mwezi mzima. Tangu siku hiyo mimi sikuwaza kitu kingine. Baba alikuwa akishona na kupanga magunia kwenye ghala karibu na bandari, na nyumbani tulimwona Krismasi tu, siku chache, tena zimejaa wageni. Nilitaka mwezi mzima wa kuamka na kumkuta.

Mama akapanga kwamba susu alale chumba kimoja na sisi kingine, na watu wakohoe kabla ya kupita. Susu hangeweza kuachwa. Wanawe walikuwa mbali kwa kazi, miguu ilikuwa imemvimba tangu mwaka wa njaa, na pale hospitali ya misheni Mutomo mgonjwa mwenzake alimwambia kwamba maji ya bahari hushusha uvimbe. Mama hakutuma habari mbele, kwa sababu alijua akiuliza ataambiwa hapana.

Tulipokuwa tumesimama na mizigo, akaja mwanamume mmoja Mkamba, akasema ni mwenzake baba kazini na ametumwa atupeleke.

“Na yeye yuko wapi?” mama akauliza.

“Yuko mbele. Anatembea kama mtu ameona chui.” Akacheka, halafu akamwona susu vizuri, akaacha kucheka na kumwamkia kwa adabu.

Nyumba ilikuwa ndefu, yenye ukumbi katikati na milango pande zote mbili, kila mlango na watu wake. Mwenzake baba akafungua mmoja. Kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na nguo zimetundikwa kwenye misumari. Mama akaweka mzigo chini, akatazama kuta.

“Chumba kile kingine ni kipi?”

“Kingine kipi, mama watoto?”

Mama akainama, akaanza kufungua mizigo. Jioni hiyo baba alikuja mpaka uani, kwenye mfereji wa maji ya bomba, akakohoa. Mama akatoka. Nikawasikia wakizungumza chini chini kwa muda, kisha mama akarudi akasema baba atalala kwa mwenzake mpaka mambo yatengenezwe.

Ndivyo mwezi wetu ulivyoanza. Kila jioni baba alitoka kazini akaja uani, akakohoa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na mfereji. Susu akisikia kikohozi alijifunika kichwa na kugeukia ukuta, ingawa kati yao kulikuwa na ukumbi mzima. Mimi ndiye niliyebeba sahani. Mdogo wangu alikimbia akapanda magoti ya baba, na baba akamwita “baba”, kwa sababu mtoto huyo alipewa jina la babu, baba yake baba. Alimrusha juu, akamlisha kwa mkono wake.

Mimi nina jina la susu. Msichana wa kwanza alikufa kabla sijazaliwa, mimi ni wa pili, na jina la pili huenda kwa mama mkwe. Mtoto kama huyo hapigwi. Mwanamume hawezi kuinua mkono juu ya jina la mkwe wake. Wenzangu shuleni waliniambia nina bahati, na kweli baba hakunipiga hata siku moja. Lakini pia hakunibeba. Nilipompa sahani alisema “asante” kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mgeni, na macho yake yalikuwa kwenye chakula. Nami kwa asili ni mtu wa haya. Kwa hiyo tulikuwa tukisimama hapo, yeye na mimi, kila mmoja akimheshimu mwenzake, mpaka chakula kiishe.

Sitaki kusema hatukuwa na raha. Mfereji wenyewe ulikuwa raha. Sisi ni watu wa kuchimba mchanga wa mto na kungoja maji yajikusanye, na hapa unageuza chuma na maji yanakuja. Susu aliketi karibu nao mchana kutwa, miguu ndani ya beseni, akiwagombeza wapangaji wasioufunga vizuri. “Hapo mbuzi mmoja angekunywa,” alisema kila tone lilipoanguka, na watoto wa nyumba ile wakaanza kumwigiza. Asubuhi jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa pwani, alipika mahamri na mbaazi za nazi, na jioni viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju. Alitupenda. Nthoni yetu ndiyo iliyomshinda.

“Hebu nambie jirani,” alimwuliza mama, “mamako huyu hula watu? Mbona mwenye nyumba akaa kwa ndoo?”

“Ni heshima,” mama akasema.

“Heshima! Sie kwetu mkwe aja na kijaluba cha tambuu, mwacheka mpaka jua latua. Nyie wa bara mwaheshimiana mpaka mwalala njaa.”

Susu aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini usiku ule ule alianza kufikiri, kwa sababu asubuhi alimwambia mama jambo ambalo nilikuwa nikingoja bila kujua. Nthoni hufunguliwa. Mwanamume humletea mama mkwe mbuzi na blanketi, mbuzi huliwa, blanketi humfunika, na kutoka hapo wanaweza kusalimiana na kukaa paa moja.

“Lakini hapa mji wa watu mbuzi atatoka wapi?” susu akasema. “Mwambie alete blanketi tu. Mbuzi nitamla kwa imani.”

Mama alipeleka neno jioni hiyo. Nilikuwa nimesimama na sahani, nikasikia.

“Sawa,” baba akasema. “Mwisho wa wiki.”

Jumapili ilipofika tulivuka feri kwenda ufuoni upande wa Likoni. Feri ilinifurahisha kuliko bahari, ule mwendo wake wa polepole na watu wote wamesimama kimya kama wako kanisani. Baba alivuka kwenye feri iliyofuata. Ufuoni mama na mimi tulimshika susu kila upande tukamwingiza majini. Aliinua gauni mpaka magotini na kulalamika kwa Mungu juu ya maji mengi namna hii yasiyonyweka na ng'ombe. Kisha chumvi ikauma vidonda vyake, akasema “Uu!”, akacheka. Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa mbali, ukutani mwa hoteli moja, mdogo wangu mabegani. Mkwe wake alikuwa ameinua gauni, hakuweza kutazama. Watu wote ufuoni walikuwa wanatazama bahari, na yeye peke yake ametazama ukuta. Niliona uchungu kwa ajili yake. Nilidhani naye anauona.

Blanketi halikuja.

“Mwambie basi hata leso,” susu akasema. “Leso moja ya kufunika miguu. Nitasema ni blanketi, na hakuna atakayenikagua.”

Baba aliposikia alitabasamu kidogo, akasema, “Jumamosi nikilipwa.” Jumamosi alikuja na mkate na ndizi na mpira wa mdogo wangu. Nilitazama mikono yake yote miwili. Nilifungua hata gazeti lililofunga mkate. Leso zilikuwa zimetundikwa kwenye duka la pembeni, kila siku akija alipita chini yake.

Wiki ya tatu susu aliniambia nimkande miguu. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka kweli, ngozi imelegea. Alinitazama nikikanda, akasema, “Wajina, baba yenu anakula nje kama mbwa wa jirani. Mimi ndiye nimefunga mlango.”

“Si wewe, susu.”

“Ni nani basi?”

Nikahamia mguu wa pili. Aliposikia kwamba mwenzake baba anaenda nyumbani likizo, alimwomba amchukue mpaka Kibwezi na kumwingiza kwenye gari la Mutomo. Mama alikataa, akalia, akasema miguu haijapona na nyumbani hakuna wa kumtekea maji. Susu alijibu kwamba ameona bahari na imetosha, mtu haendi kuishi humo. Aliondoka asubuhi na kifurushi chake. Alimuaga kila mpangaji, akauaga na mfereji, akiukaza kwanza.

Siku hiyo mama alifanya kazi kama kuna harusi. Aliosha sakafu, akafua mashuka. Jirani alimkunia nazi na kumwonyesha kupika wali, akamfunga leso yake mwenyewe iliyo mpya na kumpaka manukato, huku akisema maneno ambayo yalinifanya nitoke nje. Nilitumwa uani kumngoja baba. Alikuja, akasimama kwenye mfereji, akakohoa.

“Baba,” nikasema, “susu ameenda nyumbani. Ingia.”

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Alinitazama, akatazama ndoo. Kisha akaingia.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikula wali, akausifu. Mdogo wangu alilala mapajani mwake. Mama alizungumza sana, mambo ya mbuzi na mvua na nani ameoa, na mimi nilikaa pembeni nikimwangalia baba yangu akiwa ndani ya nyumba. Taa ilikuwa imewashwa, na redio ya mlango wa pili ilikuwa bado inasoma habari za jioni. Habari zilipokwisha, baba akamlaza mtoto, akasimama, akachukua kofia.

“Unaenda wapi?” mama akauliza.

“Kulala.”

“Na hapa ni wapi?”

“Nimezoea kule kwa mwenzangu. Kesho naamka mapema.”

Mama alikuwa ameshika sahani. Aliiweka chini polepole. “Mwenzako ndiye amempeleka mama leo. Amefunga chumba, hata ufunguo ameuacha kwa huyu jirani.”

Baba alizungusha kofia mikononi. “Usinifanyie hivyo mbele ya watoto,” akasema mwishowe, lakini hakumtazama mama. Alinitazama mimi, na mara akainamisha macho kama anavyofanya mtu aliyekutana na mkwe wake njiani, akapita kando yangu, akatoka.

Baadaye jirani aliingia bila hodi, akaketi pale alipokuwa ameketi baba. Hakucheka safari hii.

“Shoga yangu, hakuwaongopea,” akamwambia mama. “Vyumba viwili anavyo. Ila si nyumba moja, na hicho cha pili kina mwanamke.”

Tulimaliza mwezi. Baba aliendelea kuja uani, na sasa hata hakukohoa, kwa sababu hapakuwa na wa kukoholewa. Mama alimpelekea sahani mwenyewe. Tulivuka feri mara moja zaidi, tukala viazi karai, mdogo wangu akajifunza kukimbia mawimbi. Mimi nilikaa mchangani nikawaza kwamba laiti susu angekaa, ningeendelea kuamini ni leso tu inayokosekana.

Tulimkuta susu mlangoni kwake, miguu juu ya kigogo. Ilikuwa imevimba tena. Watoto wa jirani walikuwa wakimletea maji wakikumbuka, na hawakukumbuka kila siku. Susu alimvuta mama akae.

“Aliingia?”

“Aliingia,” mama akasema.

“Akala?”

“Akala. Wali wa nazi. Akasifu.”

Susu akapiga makofi mara moja. Zaidi ya hapo hakuweza kuuliza, kwa kuwa mama hamwulizi bintiye habari za kitanda cha mkwe. Mama naye hakuongeza.

Jumapili susu aliomba nafasi ya ushuhuda. Alisimama kwa fimbo na kulieleza kanisa zima jinsi Mungu alivyompeleka baharini, akamwonyesha kwamba yeye ndiye kizuizi, akampa nguvu ya kuondoka na miguu mibovu ili nyumba ya mtoto wake isimame. “Na imesimama,” akasema. “Mkwe wangu ameingia, amekula na watoto wake.” Watu wakasema Amina, wanawake wakapiga vigelegele. Mama alisema Amina kwa sauti, akainuka akamsaidia susu kuketi. Mimi sikufungua mdomo, lakini hakuna aliyenishangaa. Wote walijua mimi ni mtoto wa haya.