Siku Nilipoiona Sketi Yangu Kariakoo

Kama na wewe uliwahi kusugua viganja kwa mafuta ya taa ili kutoa utomvu wa fenesi, basi sisi ni wa rika moja. Nakumbuka Kinole ya utoto wangu, kijijini kwetu Morogoro: ukungu haujainuka milimani, sisi tumeshamaliza mchakamchaka, miguu imelowa umande, kila mmoja na ufagio wake mkononi. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi, na mpira ukiporomoka bondeni ndiyo basi tena, umekuwa mali ya watu wa chini. Watoto wa leo mchezo wao ukiishiwa chaji wanalia. Sisi tulivua soksi nyingine.

Ugonjwa wangu ulikuwa maswali. Kila wiki pikapu ilipanda kijijini kuchukua ndizi, mananasi na viungo, ikateremka imejaa hadi matairi yanalalamika, na mimi nikabaki barabarani nikijiuliza: nani anakula vyote hivi?

"Vinaenda Kariakoo," watu wazima walinijibu.

Kwa muda mrefu nikaamini Kariakoo ni mtu, tena mwenye tumbo kubwa. Mama alinichoka. "Wewe mtoto," alisema, "utakuja kumuuliza hata Izraili ametokea njia gani."

Aliyenivumilia ni bibi, mama yake mama. Shamba la mdalasini lilikuwa lake, na miti ile ilipandwa na mama yake. Baada ya mvua, magome yakikubali kubanduka, alikaa na kisu kidogo akiyachuna taratibu, kisha akayaanika darini juu ya jiko, kwa sababu kwetu jua ni mgeni. Yakikauka aliyafunga vitita kwa kitambaa chochote kilichochakaa.

Mwenye pikapu, tuliyemwita Mzee Pikapu, alikuwa na wimbo mmoja. Alinusa kitita, akakunja uso. "Bibi, huu wako una moshi. Mjini hawautaki. Nauchukua kukusaidia tu." Bibi alimwamini. Mwaka ule alishaamua kuikata miti yote apande migomba, na shoka alishalipeleka kunolewa.

Kabla hajakata, habari zikaja kwamba mke wa mjomba wangu, anayeishi Dar es Salaam, amejifungua. Bibi akaitwa akamkande mzazi, akanichukua nimbebee kapu. Tulipofunga mizigo nilimkumbusha mdalasini wa chai ya mzazi. Akafunika kapu, akasema, "Tutanunua huko huko. Wa mjini ni mzuri." Sikuwa nimewahi kumwona bibi akikionea haya kitu chake mwenyewe.

Alfajiri tulishuka hadi Bigwa, chini ya milima, tukapanda basi la Dar mjini Morogoro, na kesho yake mjomba akatupeleka sokoni. Hapo ndipo nilipomwona Kariakoo. Paa lake lilikuwa kama miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, mashina chini, midomo juu.

"Mjomba, mbona miavuli imepinduliwa?"

"Inakinga maji ya mvua," alisema. "Yanashuka ndani ya nguzo mpaka kwenye tangi."

Nikakumbatia nguzo moja nikatega sikio. Mjomba akanivuta, watu wasije wakadhani nimechanganyikiwa. Tukashuka ngazi kwenda shimoni, sehemu ya chini ya soko, na mimi nikashangaa: sisi nyumbani tunapanda mlima kutafuta chakula, hawa wanaingia ardhini! Mle chini kulikuwa na ubaridi na taa za mchana kweupe. Harufu zilisongamana, dagaa, vitunguu, magunia, na mbele zaidi viungo. Bibi alitembea ameushika mkono wangu, wala sikujua nani anamlinda nani.

Tukasimama kwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, aliyepanga viungo vyake kwa unadhifu kama altare.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mdalasini wa mzazi."

"Basi chukua huu, wa Unguja huu. Nusa mwenyewe."

Bibi akakipokea kitita, akanusa. Akanusa tena, amefumba macho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kitambaa cha bluu kilichokifunga.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Sketi yangu!"

"Nyamaza wewe," mjomba akaninong'oneza, watu wameshageuka.

"Sketi yangu ya shule! Ile iliyochanika!"

Bibi akafungua fundo polepole, akakigeuza kitambaa upande wa ndani. Kulikuwa na pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa kuwa siku ile wa bluu ulimwishia.

"Mwanangu," akamwambia muuzaji, "mkono huu ulioshona hapa ni wangu. Na moshi huu ni wa jikoni kwangu, Kinole."

"Bibi, usinifukuzie wateja," yule mama alisema kwa ukali. Lakini alivua miwani, akautazama ule uzi, akautazama mkono wa bibi, kisha akajipiga paja. "Yule mzee wa pikapu! Kaniapia kwamba umevuka bahari! Na watu wanaurudia huu huu, bibi. Wananiambia, tupe ule wenye moshi kidogo."

Bibi akakaa juu ya gunia. Nilidhani anaumwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na nilipoinama nimtazame, alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Yule mama hakukubali tulipie kitita kile. Alitaka kitu kimoja tu: mavuno yajayo yaje kwake moja kwa moja.

Na yalikuja, kupitia kwa mjomba. Mzee Pikapu alipopanda tena Kinole na wimbo wake wa moshi, bibi alimpa kiti, akampa na chai, ndipo akamuuliza kwa upole: "Hebu nieleze, baba. Bahari uliivukaje na pikapu?" Yule mzee aliacha kikombe nusu. Shoka likafanya kazi ya kuni.

Bibi ametutoka siku nyingi, na mimi nimekuwa mtu wa Dar. Juzi nilikwenda Kariakoo na binti yangu, soko sasa wamelikarabati, linang'aa. Miavuli ya zege bado iko. Nilimweleza habari ya maji ndani ya nguzo, akaitikia "wow", akajipiga picha, tukaendelea. Kwa kijana mmoja wa viungo niliinua pakiti ya mdalasini.

"Huu unatoka wapi, mwanangu?"

Hakuinua macho kwenye simu. "Stoo, mama."

Binti yangu alicheka, nami nikacheka naye, nikainunua. Nyumbani niliiweka mezani, nikavuta kiti, nikaitazama. Nilitaka kuinusa nikaogopa. Bibi aliujua moshi wa jiko lake katikati ya harufu za jiji zima. Mimi sikuwa na hakika kama ningeutambua hata ukiletwa peke yake, mlangoni kwangu.