Jumbe Mmoja, Enzi Mbili

Shida ilinianza mwaka 1948, nikiwa na miaka kumi na sita. Mashine zilikuja Nachingwea kulima karanga, na pale tulipokuwa tukilima mimi na mama, mtama wetu haukutakiwa tena. Tukabeba kinu, mitungi na kuku wawili, tukaenda upande wa Lionja, ambako hatukuwa na mtu.

Ninayeandika haya sikusoma. Nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani miaka miwili, na herufi hizi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini kuhesabu najua, na hakunifundisha mtu. Juzi wajukuu zangu walisikia redioni habari za rais wa nchi ya mbali aliyetoka madarakani, akakaa mwingine, kisha yeye akarudi. Wakabishana mpaka chai ikapoa: huyu ni rais wa ngapi? Nikawaambia nyamazeni, jambo hilo lilikwisha zamani, na aliyelimaliza ni mimi.

Jumbe wa kule alitupokea asubuhi, ukungu haujainuka. Namwona mpaka leo kama mtu wa ndotoni: kanzu inaelea, miguu haionekani, mkono unavunja tawi na kulichomeka ardhini. "Kuanzia hapa hadi kile kichuguu," akasema. Mama akampa ungo wa unga wa mtama. Akachovya vidole, akajipaka kipajini. Unga huo tuliuita unga wa kujuana. Kila jumbe mpya alipelekewa na kila kaya, na asiyepeleka hakuwa na shamba. Alikuwa mgeni tu aliyekawia kuondoka.

Tukapanda mikorosho. Siku zile kwangu ni kama siku moja ndefu. Vumbi jekundu, mihogo inakauka juu ya mawe, na kwa mbali mngurumo wa mashine, ambao mama alisema ni ardhi inakoroma. Nikaolewa na kijana wa Malolo, kule Ruangwa. Akaenda kufanya kazi kwenye mashine, akaniletea talaka moja kwa mkono wa kaka yake. Nikakaa eda, ikaisha. Mikorosho ikafika kiunoni.

Katikati ya hayo jumbe wetu akaondolewa. Alimjibu Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, kama anavyojibiwa mtu yeyote. Akawekwa jumbe mwingine, tukampelekea unga wake. Miaka minne ikapita kama moshi unavyopita kwenye nyasi za paa, huyo wa pili akaugua, akaenda kwa dada zake pwani, na yule wa kwanza akarudishwa kitini. Watu wakapeleka unga. Sisi hatukupeleka. Mama alisema, "Huyu tumeshajuana naye. Unga wangu anao tumboni."

Hapo ndipo mpwa wa jumbe wa pili alipotuotea. Mikorosho yetu ilikuwa imeanza kuzaa, na harufu ya mabibo ilimfikia. Akapeleka ungo wake mapema, akaomba shamba letu, akidai halina mwenyewe.

Tukaitwa barazani kwa jumbe. Mwalimu wa Kurani wa kule alikuwapo, na karani wa jumbe na daftari lake.

"Huyu ni jumbe wa tatu," akasema mpwa. "Wa tatu hajapata unga wao. Shamba hawana."

"Ni wa kwanza," mama akajibu. "Au amebadilisha uso?"

"Bwana karani, tusomee," akasema mpwa.

Karani akakohoa. Alikuwa ameandika moja, mbili, halafu moja tena. "Mtu ni huyu huyu," akasema. "Namba nyingine nimpe ya nini?"

"Moja, mbili, moja," akasema mzee mmoja. "Karani anahesabu kama anatoka kilabuni."

"Andika tatu basi," mpwa akasema.

"Nikiandika tatu, daftari litakuwa na majumbe watatu. Lakini makaburi yatakuwa mawili. Huyo wa tatu tutamzika wapi?"

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka, alikuwa akitazama vidole vyake. Unga wa mpwa alikuwa ameshaula, na niliona wazi kwamba shamba linaondoka. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani. Mikono ile ndiyo iliyochimba kila shimo la mkorosho. Hatukuwa na pengine pa kwenda.

Nikasogea, nikapiga magoti. Mama akanifinya mguu. Sikujali.

"Jumbe, naomba kuuliza. Mume wangu wa Malolo aliniacha, eda ikaisha, mwaka jana akarudi akanioa tena. Mimi nimepata waume wangapi?"

"Mmoja," akasema jumbe.

"Na ndoa?"

"Mbili," akadakia mwalimu. "Na mahari mbili. Eda ikiisha ni ndoa mpya na mahari mpya. Ndivyo sheria ilivyo."

Mpwa akapiga paja. "Mmesikia. Enzi mpya, unga mpya. Binti amejifunga kamba mwenyewe."

"Subiri, shemeji," nikamwambia. Hakuwa shemeji yangu, nilimwita hivyo ili atulie. "Mwalimu, hiyo mahari ya pili alitoa nani? Mimi niliyebaki nyumbani, au yeye aliyetoka akarudi?"

Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono. "Aliyerudi."

"Basi sisi tulibaki hapa tunapalilia. Aliyetoka akarudi ni jumbe. Unga ni wake kutuletea."

Jua lilikuwa limepenya kwenye nyasi za paa, vumbi likielea ndani yake polepole, na kule mbali ardhi ilikuwa inakoroma.

"Mimi sikutoka," jumbe akasema. "Nilitolewa."

"Mume wangu naye husema hakuniacha, mama yake ndiye aliyemwachisha. Lakini mahari alitoa."

Mabega ya jumbe yakaanza kutikisika, kicheko kikafuata. Akamwita mkewe alete ungo. Akautua yeye mwenyewe mbele ya mama. Mama akachovya vidole, akajipaka kipajini, taratibu, kama jumbe vile.

"Na unga wangu?" akauliza mpwa.

"Nitakurudishia."

"Umeshaula."

"Nitakurudishia mwingine. Shamba lina wenyewe."

Kalamu ya karani ilikuwa bado juu. "Sasa niandikeje?"

"Majumbe wawili, enzi tatu," nikasema. "Ukimtaja mtu, yeye ni wa kwanza, hana namba nyingine. Ukitaja enzi, sema ni ile ya kwanza au hii ya tatu."

Akaandika. Nadhani aliandika, maana wakati ule sikujua kusoma.

Mume wangu wa Malolo alikufa akiwa mume wangu wa kwanza, na mwingine sikuongeza.

Leo nina vitu hivi. Shamba lile lile, kuanzia lilipochomekwa tawi hadi kwenye kichuguu. Mikorosho arobaini na mmoja, kumi na tisa ni ya enzi ya kwanza na bado inazaa. Nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la bati. Mbuzi sita. Redio moja. Kinu cha mama. Na ukingo wa ungo wa jumbe, ambao hakurudi kuudai.