Profaili Aliyoiacha Pacha

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ni mpiga picha za vitambaa. Mtaani wanamwita Fundi Rangi, na humtania kwamba ukuta wa chumba chake cha kazi ameupaka rangi ya majivu kwa kuishiwa na nyingine. Yeye hucheka tu. Ukuta mwekundu, huniambia, hurusha wekundu wake kwenye kitambaa, na kamera haina aibu, inachukua kila kitu. Siku moja nilimpelekea chai nimejitanda mtandio mwekundu, akanitoa nje kama kuku aliyeingia sebuleni.

Chumba kile walikuwa wawili. Mwenzake ni rafiki yake tangu darasa la kwanza, nao waliitana pacha, hata sisi nyumbani tukamzoea hivyo. Pacha alikula kwetu, alilala kwetu, na mama yetu alipoanza kuugua, Pacha alimwosha miguu. Nasema hayo ili ijulikane kwamba hakuwa mpita njia.

Shida yao ilikuwa moja tu. Kamera zilikuwa mbili, na si za aina moja. Kitambaa kilekile cha rangi ya damu ya mzee, kwenye kamera ya Pacha kilielekea zambarau, na kwenye ya mdogo wangu kikatoka kama tofali. Mwenye duka la vitambaa aliyekuwa akiwapa kazi akachoka. Wateja wake huagiza kwa kuangalia picha, wakipokea mzigo wanaurudisha. Akasema anataka picha ambayo ukiilaza kando ya kitambaa chenyewe huoni tofauti. Atakayeiweza, kazi ya duka zima ni yake.

Basi mdogo wangu akajifungia na kadi yake yenye miraba ishirini na minne ya rangi. Aliipiga picha chini ya taa zilezile, kwa kamera hii kisha kwa ile, akaziingiza kwenye kompyuta zikiwa ghafi, hazijaguswa, na kompyuta ikapima kila kamera imekosea wapi. Hapo ndipo alipoitengenezea kila moja profaili yake, faili la kunyoosha rangi zake, kama watu wanavyopimiwa miwani, kila mtu na macho yake. Halafu kuna mstari pale kwenye kioo cha kompyuta, chini giza, juu weupe. Ukiupinda, mwanga wa picha nzima hubadilika. Aliuinua kidogo sana kule chini, ili nyuzi za kitambaa cheusi zisimezwe na giza. Mstari ule ulimla miezi. Mimi ni mshonaji, najua kufumua na kushona tena, lakini subira ile sina.

Asubuhi moja mdogo wangu alikuwa amempeleka mama hospitali. Nikamkuta Pacha peke yake kwenye kompyuta, flashi imechomekwa. Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu, hata hupumziki. Akasema, "Amina, dada mkubwa," bila kugeuka.

Wiki iliyofuata hakuja. Ile nyingine tukasikia kwamba kazi ya duka amepewa yeye, peke yake, na ana chumba kipya. Mdogo wangu alisema hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Akayasema hivyo mpaka alipoletewa kitabu cha picha cha duka. Alifungua ukurasa wa vitambaa vyeusi. Nyuzi zilionekana mojamoja. Akapitisha kidole juu ya karatasi polepole, kama kipofu anayemtambua mtu kwa uso. Nani atasahau mshono wake? Kisha akafunua ukurasa wa damu ya mzee. Ilikuwa zambarau tupu, zambarau ya kuiva na kuoza.

Siku chache baadaye Pacha akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani. Akaeleza kwamba mizigo inarudishwa, na kwamba mwenye duka amempa siku tatu za kurekebisha rangi. Hakuomba radhi. Aliomba msaada.

"Ile profaili yako inaikataa kamera yangu," akasema. "Nionyeshe ulivyoifanya, pacha."

Mdogo wangu akamuuliza kwa nini, katika zile mbili, alichukua hiyo.

"Si nilijua iliyo nzuri utakuwa umejiwekea mwenyewe."

Mimi nilikuwa mlangoni na vikombe mkononi, nisijue niviweke wapi.

Mdogo wangu akaigeuza kompyuta imtazame mwenzake. Kwenye orodha, juu ya profaili yake mwenyewe, kulikuwa na nyingine, imeandikwa Pacha.

"Yako nilianza nayo," akasema. "Ilikuwa hapohapo, na jina lako. Umeiruka ukaenda kuiba ya kwangu."

Pacha akaitoa flashi yake mfukoni. Mdogo wangu akamnakilia ile profaili kwenye flashi, akasema wanunuzi hawajamkosea mtu, wasidanganywe rangi. Kisha akafungua kiganja. "Ufunguo wa chumba."

Pacha akauweka mezani, si mkononi, akaondoka na flashi yake.

Kazi ya duka ikabaki kwa Pacha, na picha zake sasa ni sawasawa. Mdogo wangu hupiga picha za magauni ninayoshona mimi, na mtu akimwomba washirikiane humjibu kwamba chumba ni kidogo. Katika sala zangu nawataja wote wawili. Nikifika kwa yule wa pili ulimi unakuwa mzito, na ile baraka niliyompa mkono wake ukiwa kwenye flashi hunirudia masikioni.

Mama bado humuulizia Pacha. Tunamwambia yuko kazini, na si uongo.