Foleni ya Bomba la Mwisho

Enzi za ruksa zilipofika Kilwa Masoko zilikuja na mitumba, redio za kaseti na, kwa msikiti wa mtaa wetu, pampu ya umeme. Aliileta Haji, mfanyabiashara aliyeneemeka kwa korosho na bidhaa za Dubai, iwe sadaka kwa marehemu mama yake. Tuliipokea kwa dua ndefu. Baba yangu, aliyekuwa mwadhini, akapewa kazi ya kuiwasha kila alfajiri. Tangi la kuhifadhia maji lilikuwa njiani. Lilibaki njiani muda wote ninaousimulia hapa, kwa hiyo watu walitawadha huku pampu ikinguruma na kusukuma maji moja kwa moja hadi kwenye mabomba.

Na mabomba yalikuwa yanapiga shoti.

"Linatekenya tu," watu walisema. Walizoea kwa kasi iliyonitia wazimu. Walijifunza kuligusa bomba kwanza kwa mgongo wa mkono, huku wakisema bismillahi kwa sauti kidogo kuliko kawaida. Mzee mmoja aliapa kwamba baridi yabisi ya bega lake imepungua. Walio wengi walijipanga kwenye bomba la mwisho, ambalo fundi aliyefunga pampu aliliunganisha kwa mpira baada ya paipu za chuma kumwishia. Hilo halikutekenya. Foleni yake ilifika mlangoni, mabomba mengine yakikaa bure, na hakuna aliyeona ajabu.

Shahada yangu ni ya historia, lakini mtaani shahada ni shahada. Nilikuwa naletewa hata pasi zilizoungua. Fizikia ya sekondari ilinitosha kujua kwamba waya umechubuka mahali fulani ndani ya pampu na unagusa bodi yake ya chuma. Umeme wa namna hiyo hupewa njia ya kwenda ardhini: waya mnene kutoka kwenye pampu hadi fimbo ya shaba iliyozama udongoni, na paipu zote za chuma zikafungwa kwenye waya huohuo. Usipopewa njia, unajitafutia. Na njia nzuri ni Mwislamu aliyelowa, pekupeku, juu ya saruji.

Nilimwuliza fundi njia hiyo ya ardhini, ethi kama wao wanavyoiita, iko wapi. Akanipeleka nyuma ya ukuta. Fimbo ilikuwa imesimama wima ndani ya kopo la rangi lililojazwa zege.

"Hapa chini ni mwamba wa matumbawe, msomi. Fimbo haiingii."

"Kwa hiyo ukaipanda kwenye kopo?"

"Si imesimama?"

Niliinyanyua, kopo na vyote, kama mtu anayehamisha ua la sebuleni. Fundi akaniomba niirudishe taratibu, nisije nikamharibia kazi.

Nikaenda kwenye kamati ya msikiti. Nilizungumza vizuri sana. Nilitaja mkondo, nikataja ukinzani, nikachora mchoro. Wawili walisinzia. Mwenyekiti alisubiri nimalize.

"Unasema sadaka ya Haji ni mbovu?"

"Sijasema mbovu. Nimesema inaweza kuua mtu."

"Basi nenda kamwambie wewe, kwamba thawabu za mama yake zinaua watu."

Hakuna aliyetaka kwenda, nami nikagundua kwamba sitaki pia. Haji mwenyewe hakuwahi kuyagusa mabomba yale. Alikuja Ijumaa ameshatawadha kwake, ameshanukia. Kamati ikaazimia kununua kandambili za kuvaa wakati wa kutawadha. Kabla wiki haijaisha zilikuwa zimeshaondoka na miguu ya watu.

Kisha alfajiri moja mkono wa baba ukaganda kwenye bomba la kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akifika mwanzo, peke yake, na hakuona sababu ya kwenda bomba la mwisho wakati hakuna foleni. Aliponea kwa jirani aliyeingia na kukimbilia swichi. Nilimkuta nyumbani ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Kesho huendi."

"Marahaba. Ataadhini nani, wewe?"

Nilikuwa na sauti ya kasuku mwenye mafua, naye alilijua hilo. Alikwenda.

Ijumaa nikang'oa fyuzi ya pampu na kuitia mfukoni mwa kanzu. Watu walifungua mabomba, hawakupata kitu, wakaanza kuteka kisimani kwa ndoo wakinung'unika. Haji akaingia, akaikuta ghasia.

"Pampu yangu ina nini?"

Nikafungua mdomo, mkondo na ukinzani vikiwa tayari ulimini. Baba akanikanyaga mguu.

"Haji, pampu yako haina neno, Allah amrehemu mama yako. Kinachouma ni paipu."

"Paipu?" Uso wa Haji ukafunguka. "Paipu si zangu! Paipu alinunua fundi!"

"Ndiyo hivyo. Fundi afungue kila kitu, aangalie, afunge ethi ya kweli."

"Afunge leo!"

Sentensi ya baba ilikuwa na makosa ya kisayansi. Nilitaka kuyasahihisha, lakini kidole changu cha mguu kilinishauri vinginevyo. Miezi ya mihadhara, na shughuli ikaisha kwa kumpa tajiri mtu wa kumlaumu.

Fundi alifungua pampu akaukuta waya uliochubuka, akaubadilisha. Matumbawe yalimshinda nyuma ya ukuta, nikamwonyesha mahali maji ya kutawadhia yanapomwagikia, penye udongo mweusi usiokauka. Fimbo ikazama hadi kichwani. Akafunga waya kutoka kwenye pampu, akaziunganisha paipu zote, huku akinieleza kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu mwanzo. Nikarudisha fyuzi.

Alfajiri iliyofuata niliamka kwenda na baba, jambo ambalo alilipokea kwa mshangao usio wa lazima. Aliwasha pampu, akaenda bomba la kwanza, lilelile. Hakutumia mgongo wa mkono. Aliweka kiganja kizima, akafungua, akaanza kunawa kama anavyonawa mtu yeyote.

Watu wakaingia mmoja mmoja na kujipanga kwenye bomba la mwisho. Baba alimaliza miguu, akageuka kututazama.

"Msomi," aliniita, "huku hakuna foleni."

Nilikuwa wa nne kwenye foleni.